Kikao (namna ya kukaa) juu ya pikipiki: mikono inayobeba mwili haiwezi kuendesha (uzi mrefu, Malindi na jirani)

Fundi wa Barani (mwanzisha uzi)

Salaam aleikum ndugu zangu wa Malindi, Watamu, Mambrui mpaka Lamu.

Nafungua uzi huu kwa jambo ninaloliona gerejini kila siku. Kijana analeta pikipiki, anasema, "Fundi, usukani unavuta," au "Fundi, hii piki imenimaliza mgongo." Naikagua. Beringi za usukani nzima, rimu hazijapinda, matairi yana upepo wa kutosha. Basi namwambia panda ukae kama unavyokaa kazini, nikutazame. Hapo tatizo linajitoa lenyewe: mabega yamepanda, viwiko vimekakamaa, magoti yako nje, na uzito wote wa kifua umelalia viganja. Pikipiki haina kosa lolote. Mtu ndiye anaivuta, kutwa nzima, bila kujua.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Maumivu ya mwili na kushindwa kuitawala pikipiki tumezoea kuyataja kama mambo mawili, moja la hospitali na jingine la barabarani. Chanzo chake ni kimoja. Mikono ikishapewa kazi ya kuubeba mwili, haiwezi tena kufanya kazi ya kuendesha, na mgongo unachoka kwa sababu hiyo hiyo.

Pikipiki inakushika mahali patatu: makalio kwenye siti, miguu kwenye vikanyagio, viganja kwenye usukani. Umbali kati ya sehemu hizo tatu ndio unaoamua uzito wako uangukie wapi. Zile za mashindano zina usukani wa chini na vikanyagio vilivyorudi nyuma, kwa hiyo mtu analala mbele. Kwa mwendo mkali upepo humsukuma kifuani na kumpunguzia uzito wa viganjani, ndiyo maana kule kwenye viwanja vya mbio kikao kile kinavumilika. Sasa vijana wetu wanashusha usukani wa Boxer kwa urembo, halafu wanashinda kati ya Maweni na sokoni kwa mwendo wa 30. Upepo gani wa kumsaidia mtu hapo? Viganja vinabeba kila kitu, shingo inakunjwa ili macho yaone mbele, na jioni mtu anatafuta dawa ya kuchua.

Kuna na zile kubwa za Kimarekani, za kunyoosha miguu mbele. Kwenye lami laini starehe tupu. Ukifika kwenye tuta huwezi kujiinua hata kidogo kwa sababu miguu haiko chini yako, kwa hiyo uti wa mgongo unapokea kishindo chote.

Hizi zetu za kazi, Boxer, TVS na wenzao, zimetengenezwa mtu akae wima, usukani wa juu kiasi, vikanyagio karibu na chini ya mwili. Kwa barabara zetu, yenye lami, yenye mchanga na yenye matuta, naamini hakuna kikao kinachofaa kuliko hiki. Ndiyo maana naumia nikiona tunakiharibu wenyewe.

Nianze na mikono, maana hapa ndipo watu hubishana nami. Ukishapita mwendo wa mtu anayetembea, pikipiki haikati kona kwa kuzungushwa usukani. Ukiusukuma mbele kidogo mpini wa kulia, pikipiki inalalia kulia na kwenda kulia. Ukiusukuma wa kushoto, inakwenda kushoto. Kila mwendeshaji anafanya hivi hata kama hajawahi kuambiwa. Asiyeamini ajaribu taratibu mahali palipo wazi, pasipo watu, asukume kidogo tu kwa kiganja aone inakoelekea.

Sasa mtazame mtu anayeshika simu kwa mkono wa kushoto huku anaendesha. Kifua chake chote kimeegemea mkono wa kulia. Anausukuma mpini wa kulia, hajui kama anausukuma, na pikipiki inateleza taratibu kuelekea kulia. Kenya tunaendesha kushoto. Kulia ndiko zinakotoka matatu za Mombasa. Watu wakishuhudia ajali husema "aliingia barabara ya mwenzake bila sababu." Sababu ilikuwepo, ilikuwa kwenye kiganja.

Jambo la pili kuhusu mikono: gurudumu la mbele, likigonga jiwe au ukingo wa shimo, lina tabia ya kujirudisha lenyewe kwenye mstari. Ile foki ya mbele, yale mabomba mawili yanayolishika gurudumu, imeinamishwa makusudi kwa kazi hiyo. Ukiushikilia usukani kwa nguvu za kifua na mabega unalinyima nafasi ya kujirudi, na mtikisiko ambao ungekwisha kwa sekunde moja unaupokea mwili mzima na kuurudisha tena kwenye usukani.

Basi mwili ushikwe na nini? Na miguu. Magoti yaguse tangi, si kubana kwa nguvu, kugusa kwa uthabiti. Tumbo likazwe kidogo. Nyayo zielekee mbele, sehemu pana ya unyayo iwe juu ya kikanyagio. Viwiko vilegee na vikunjike kidogo. Kipimo ni rahisi: ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, uweze kuvipandisha na kuvishusha viwiko bila pikipiki kuyumba. Usipoweza, umejining'iniza kwenye usukani.

Faida yake utaiona siku ya kufunga breki ya ghafla. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu ukifunga breki uzito hukimbilia mbele na kulikandamiza gurudumu la mbele barabarani. Wenzetu wengi wanaiogopa, wanategemea ya nyuma peke yake, eti waliona fulani akipinduliwa nayo. Mara nyingi mtu huyo alikuwa ameketi ovyo: alipofunga, mwili ulikwenda mbele, mikono ikaupokea, usukani ukapinda huku breki imekazwa. Magoti yangekuwa kwenye tangi, tangi lingeupokea ule uzito, na mikono ingebaki huru kuongoza. Ndara nazo tuziache nyumbani, jamani. Mguu wenye jasho ndani ya ndara unateleza juu ya breki ya nyuma.

Sasa siti, na hapa nitakaa kidogo.

Pikipiki mpya inakuja na karatasi ya nailoni juu ya siti. Wengi hawaitoi mwaka mzima, wanataka siti ibaki mpya. Nailoni ile inateleza, na mvua ikinyesha inateleza zaidi. Kila ukigusa breki unasogea mbele, kila ukivuta mafuta, yaani ukizungusha mpini wa kulia kuongeza mwendo, unasogea nyuma, na kila ukisogea unajizuia kwa mikono. Hatari yenyewe ni pale unaporudi nyuma: mkono wa kulia unavutwa pamoja na mwili, kiganja kinashuka, mafuta yanafunguka zaidi, pikipiki inaruka mbele, nawe unazidi kuvutwa nyuma. Nimeona kijana akiingia kibandani kwa watu kwa namna hiyo, ana abiria mzito, anapanda kijiinuko cha barabara tu. Chana ile karatasi leo. Na ukishika mafuta, anza na kiganja kilichonyooka, usianze na kifundo kilichokwisha kushuka.

Halafu sponji. Bonyeza siti kwa ngumi mahali unapokaa. Ukilisikia bati la chini, sponji limekufa, na mifupa ya makalio inakaa juu ya bati. Watu wakifika hapo huongeza sponji laini juu yake. Dakika kumi za kwanza raha, baadaye unazama mpaka kwenye bati lile lile. Mwambie fundi wa siti akuwekee sponji gumu, tambarare. Siti inayoinamia mbele inakutupa juu ya tangi kutwa nzima.

Na kubwa kuliko yote, siti zilizorefushwa ili zichukue abiria wawili. Sheria ya trafiki iliyorekebishwa 2012 inaruhusu abiria mmoja tu, hilo tunalijua wote. Mimi nasema kama fundi: ukibeba wawili, unasukumwa mbele mpaka unakalia ukingo wa tangi, viwiko vinabana mbavu, na huwezi kuuzungusha usukani mpaka mwisho kwa sababu mkono unagonga tumbo lako mwenyewe. Yule wa nyuma kabisa amekaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo gurudumu la mbele limekuwa jepesi na halishiki barabara. Umejinyima usukani, umejinyima breki ya mbele, yote kwa nauli ya mtu mmoja.

La mwisho kwenye kipande hiki, vikono vya breki na klachi. Kaa kwenye pikipiki macho mbele, weka viganja kwenye mipini, nyoosha vidole. Kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole uwe mstari mmoja, na vidole vikute kikono bila kupanda wala kushuka. Pikipiki nyingi zinatoka dukani vikono vikiwa juu mno, na mwenyewe anakunja kifundo maelfu ya mara kwa siku. Legeza bolti ya kishikizo, zungusha, kaza. Kazi ya spana moja. Sina haja ya kumtoza mtu hela kwa hilo.

Karibuni tujadili.

Kijana wa Watamu

Shukran fundi. Mimi ni mrefu, futi sita na zaidi. Nikikata kona kali goti linagonga usukani. Na nikitoka Malindi, nikifika Gede vile vidole viwili vya mwisho mkono wa kulia vimekufa ganzi, kidogo na cha pete. Nikishuka nikitikisa mkono vinarudi. Nibadilishe pikipiki?

Fundi wa Barani

Usibadilishe chochote kwanza, ndugu yangu. Kwa goti, pandisha siti kidogo kwa sponji gumu na ukae nyuma zaidi. Goti litafunguka na litashuka chini ya usukani. Kikanyagio chenyewe kiache kilipo. Ukitaka kuuinua usukani, kuna vipande vya chuma vya kuwekwa chini yake, lakini ukishaviweka geuza usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto, injini ikiwa inawaka. Injini ikinguruma zaidi ukigeuza, kebo ya mafuta imevutika na ni fupi. Usiende nayo barabarani mpaka ibadilishwe.

Kwa vidole hivyo viwili: kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo. Ndio unaohudumia vidole hivyo. Wewe unaukandamiza kwa uzito wa kifua, na mtetemo wa injini ya silinda moja unaongeza. Shusha kikono cha breki, legeza viwiko, shika tangi kwa magoti, na mpini uliolika badilisha uweke wa mpira mnene kidogo. Vikiendelea kufa ganzi hata usiku ukiwa umelala, hapo nenda hospitali, usisubiri. Hali kadhalika wale ambao maumivu ya kiuno yanashuka mpaka mguuni. Watu hapa wanakimbilia kusema ni figo na kunywa dawa walizoelekezwa na wenzao steji. Apimwe mtu.

Na wafupi wasikate sponji lote ili nyayo mbili zifike chini. Kusimama kunahitaji mguu mmoja, wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki. Siti ikishushwa mno, magoti yanakunjika kupita kiasi na kiuno kinapinda.

Mama wa Muyeye

Salaam aleikum wanangu. Mimi si mwendeshaji, ni abiria wa kila siku, na mnazungumza kama vile sisi wa nyuma ni mizigo. Navaa buibui, nakaa upande. Mara nyingi kijana anaondoka kabla sijatulia, akifika kwenye tuta hasemi kitu. Nishike wapi? Nikimshika bega ananiambia "mama usinivute." Na mwaka jana jirani yangu buibui liliingia kwenye mnyororo, Mungu alimnusuru tu.

Fundi wa Barani

Waaleikum salaam mama, na umesema kweli. Wa nyuma ni nusu ya kikao.

Kwanza niseme wazi: kukaa kwa kutanua miguu ndiko salama zaidi, abiria anashika kwa mapaja na mikono miwili. Lakini najua buibui na heshima ya mtu, na sitaki kumpangia mama mkubwa namna ya kukaa. Ukikaa upande, miguu iwe kushoto, mbali na magari yanayokuja, na pia mbali na bomba la moshi ambalo kwa pikipiki nyingi liko kulia. Wangapi wana kovu la mviringo kwenye shavu la mguu wa kulia kwa kupandia upande usio wake! Pikipiki zinazouzwa India huwekwa chuma cha kuzuia nguo upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, kwa sababu wanawake wa kule wanakaa upande na sari zao, na mara nyingi kuna na pa kuwekea miguu miwili. Hapa kwetu vijana wakikipata wanakifungua, wanasema kinaleta uzito. Wakirudishe.

Kabla hamjaondoka, kusanya pindo la buibui na mtandio, uzikalie au uzishike mapajani, kusibaki kitu kinachoning'inia. Mkono wa kulia umshike kijana kiunoni au kwenye mkanda, wa kushoto ushike keria. Bega usishike, kwa kweli. Bega limeungana na mkono, na ukilivuta unageuza usukani bila kukusudia. Hapo kijana alikuwa na haki, ila angekueleza kwa adabu.

Nanyi waendeshaji: abiria wa upande uzito wake unalalia upande wa miguu, na pikipiki inataka kumfuata. Usiisahihishe kwa kuukaza usukani. Hamisha makalio yako kidogo upande wa pili, mikono ibaki huru. Ondoka polepole, na tuta likikaribia sema, "Mama, tuta." Neno hilo tu. Mtu aliyejiandaa hapigi mgongo wake wala wako.

Mzee wa Mambrui

Fundi, mengi nakubali, lakini sikuona umetaja mwavuli, na najua mnaokaa gerejini hamuupendi. Mimi nina miaka mingi barabara hii ya Mambrui na Gongoni. Jua la mwezi wa pili unalijua. Abiria anachagua piki yenye mwavuli kwanza. Bila kivuli kichwa kinauma, macho yanaingia giza, na hiyo nayo ni hatari. Mwavuli ni sehemu ya kikao.

Fundi wa Barani

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu jua uko sahihi kabisa na sitabisha: mwendeshaji aliyekaukiwa na maji anachelewa kuamua, na kichwa kikiuma mabega hukaza yenyewe. Maji yanywewe, dafu likipatikana nalo ni zuri, na shati la mikono mirefu lina kazi yake.

Ila mwavuli ule mkubwa wenye mabomba, tuutazame ulivyofungwa. Mingi imefungwa kwenye usukani wenyewe. Pepo za kusi zinatoka kusini na kusini-mashariki. Ukielekea Mambrui bahari iko kulia kwako, na ukifika daraja la Sabaki miti inakwisha, upepo wa mtoni na baharini unakupiga wazi kutoka kulia kwa nyuma. Mwavuli unaupokea kama tanga, na tanga hilo limefungwa kwenye kitu unachokitumia kuongoza. Upepo unausukuma usukani nawe unausukuma, na anayechoka kwanza ni wewe. Ukikutana na lori la chumvi, upepo unakatika ghafla, halafu unarudi kwa nguvu zote.

Pikipiki isiyo na mwavuli nayo inasukumwa na upepo, lakini dawa yake ni hiyo hiyo tuliyoizungumza: magoti kwenye tangi, viwiko vilegee, punguza mwendo, iache ilalie upepo kidogo. Yenye mwavuli huwezi kuilegezea mikono. Ombi langu kwako mzee wangu ni hili: mjini, kwenye mwendo mdogo, uache uwe wazi kama wateja wanautaka, lakini ufungwe kwenye fremu, usifungwe kwenye usukani. Kabla ya daraja ukunjwe. Unachukua muda gani kuukunja?

Mzee wa Mambrui

Marahaba. Wangu umefungwa usukanini, ni kweli. Siku za kusi kali mkono wa kulia unaniuma mpaka begani, nilidhani ni uzee. Nitaufungua nijaribu bila. Kwenye fremu utakaa?

Fundi wa Barani

Utakaa, kwenye bomba lililo nyuma ya tangi. Kishikizo chake achomelee mchomeleaji anayejua kazi, asitoboe fremu. Fremu ikitobolewa inapata ufa siku za mbele.

Msafiri wa Lamu

Naongeza la safari ndefu. Mimi napiga Malindi mpaka Mokowe, naiacha pikipiki bara, navuka kwa boti. Siku hizi lami ya kutoka Garsen kupita Witu ni nzuri na imenyooka, na kunyooka kwenyewe ndiko kunakochosha. Mwili unakaa namna moja saa nzima. Ninachofanya: nabadilisha kikao kabla sijaumia. Nasogea nyuma kidogo, baadaye mbele, nainuka nasimama juu ya vikanyagio kwa muda mfupi barabara ikiwa tupu, damu inarudi mapajani. Wale watalii wa mapikipiki makubwa wanaopita kwenda Lamu, ukiwatazama wanasimama mara kwa mara, na pikipiki zao zimetengenezwa usukani mpana wa juu ili mtu aweze kusimama bila kuinama. Kwa Boxer ukisimama unainama kidogo, lakini bado inasaidia.

Na nashuka. Garsen lazima nishuke ninyooshe mgongo, Witu tena. Kujikaza ili ufike mapema naona ni ushujaa wa bure, maana ukifika Mokowe umekakamaa hata gati la kupandia boti unaliteremka kwa shida.

Fundi wa Barani

Haya maneno yakae hapa juu, yasomwe na kila anayekwenda mbali. Kikao kizuri kikikaliwa saa mbili bila kusogea kinakuwa kibaya.

Boda wa Casuarina

Swali langu ni mchanga. Vichochoro vya kwenda kwenye nyumba za ufuoni ni mchanga mtupu, na nikiingia tu gurudumu la mbele linacheza huku na huku. Naushika usukani kwa nguvu zote na bado naanguka.

Fundi wa Barani

Unaanguka kwa sababu ya hizo nguvu zote. Kwenye mchanga gurudumu la mbele ni lazima licheze, ndivyo linavyotafuta njia. Liache licheze, wewe ushike mwelekeo. Rudi nyuma kwenye siti ili mbele pawe pepesi, magoti yashike tangi, mafuta yawe ya kiasi kimoja bila kukata, gia ya pili. Macho yatazame mwisho wa kichochoro, kwa sababu ukitazama gurudumu utaliendea gurudumu. Breki ya mbele usiiguse humo. Ukiwa peke yako inuka kidogo, uzito uende kwenye vikanyagio, magoti yakunjike, miguu ndiyo iwe shokomzoba yako.

Ukiwa na abiria huwezi kusimama wala kurudi nyuma, kwa hiyo kwenye mchanga mzito mshushe atembee hatua chache. Mwambie kwa upole, wateja wengi wanaelewa. Na tabia ya kuachia miguu ining'inie pande zote mbili ukiingia mchangani, iache: unaondoa uzito kwenye vikanyagio, unauweka wote juu, na mguu ukikwama mchangani kifundo kinageuka.

Mchukuzi wa Kakuyuni

Mimi sibebi watu, nabeba maji na makaa. Jerikeni nne za lita ishirini, saa nyingine gunia mbili juu ya keria. Nikipakia, mbele panakuwa pepesi hata tuta dogo linainua gurudumu, na usiku wenzangu wananiwashia taa kwa hasira, wanasema nawapofua. Kikao changu mimi nakirekebisha vipi?

Fundi wa Barani

Ndugu yangu, mambo yako yote mawili ni jambo moja. Jerikeni nne ni kilo themanini, uzito wa mtu mzima, na umeziweka nyuma. Shokomzoba za nyuma zinalala, mkia unashuka, mbele panainuka, na taa inainuka pamoja na mbele inapiga machoni kwa watu. Nawe unainama mbele kujaribu kupakandamiza, ndiyo maana unarudi nyumbani mgongo umekwisha.

Kwanza teremsha mzigo. Jerikeni zining'inie ubavuni, mbili kila upande, usawa wa ekseli au mbele yake, zisipandishwe juu ya keria. Gunia lilale, lisisimame, na lisogezwe mpaka liguse mgongo wa siti. Uzito wa pande mbili uwe sawa, usije ukaendesha kutwa umepinda kiuno.

Pili, tazama chini ya shokomzoba za nyuma, kuna pete yenye ngazi za kuzungushwa. Zungusha upande wa kukaza, kulia na kushoto ngazi sawa sawa, kabla ya kupakia. Jioni ukishapakua ilegeze, la sivyo pikipiki tupu itakupiga mgongo njia nzima ya Ganda. Upepo wa tairi la nyuma uongeze kama ulivyoandikwa kwa mzigo kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake, usikisie kwa kidole.

Tatu, taa. Pakia mzigo wako wa kawaida, kaa juu ya pikipiki, uisimamishe mbele ya ukuta jioni. Mwanga mdogo uangukie chini ya usawa wa taa yenyewe. Ukiwa juu yake, legeza skrubu iliyo chini ya taa, uinamishe, ukaze. Ukifika nayo huku gerejini kwangu Barani ikiwa imepakiwa tutaifanya pamoja, wewe ukiwa umekaa juu, maana bila wewe kukaa kipimo chake si sahihi.